Pipa la Siagi la Mama Ndunge

Mwezi uliopita nilikwenda kumzika Mama Ndunge. Simu alinipigia Ndunge mwenyewe, binti yake wa pekee, akaniambia kwamba mama amepumzika na kwamba nisikose. Nilifika mapema nikapewa kiti cha mbele pamoja na jamaa, jambo ambalo sikulitaka. Ilipofika zamu ya kumwelezea marehemu, Ndunge alisimama, akasema maneno machache juu ya mamake, kisha akaninyooshea mkono. "Huyu ni Mejumaa," aliwaambia watu. "Ndiye aliyetutoa hapa mwaka ule wa vurugu. Bila yeye mimi na mama tusingeuona mwaka wa tisini na nane." Watu waligeuka kunitazama. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega akasema Mungu anibariki. Niliinamisha kichwa, na nadhani waliona ni unyenyekevu. Nilikuwa nikitazama viatu vyangu na kujiuliza kama naweza kuondoka kabla ya chakula.

Mwaka wa tisini na saba nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuweza kutulia. Nilikuwa nimeajiriwa katika karakana ya useremala ya Fundi Nyawa, pale Kona ya Musa, nikipiga msasa viti vya hoteli kuanzia asubuhi hadi mikono ikawa haina alama za vidole. Msichana mwingine hakuwapo katika karakana zote za Ukunda. Fundi alinichukua kwa sababu nilijua kuchora: mteja akieleza meza anayoitaka, mimi naichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, yeye anaitengeneza. Lakini michoro ilikuwa michache na viti vilikuwa vingi. Kila siku niliwaona vijana wa rika langu wakishuka kuelekea hoteli za Galu na Diani, mashati yao meupe yamepigwa pasi, nami nikawa na hakika kwamba maisha yako huko waendako, na kwamba mimi nimeachwa na vumbi la mbao. Nilikuwa nikila nimesimama. Nilikuwa nikianza barua na kuziacha katikati. Fundi Nyawa, Mduruma wa Kinango, mtu mpole asiyependa kelele, alikuwa akiniambia, "Mejumaa, hebu kaa chini, unanizungusha kichwa."

Mama Ndunge alikuja karakana mwezi wa pili au wa tatu, mkono wa kulia ameufunga kwa leso. Alikuwa Mkamba, mjane, mwenye shamba kwenye ardhi ya makazi iliyogawiwa na serikali, upande wa juu wa Ukunda, mwendo wa saa moja kwa miguu. Alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa. Siagi yake ilikuwa ikichukuliwa na jiko la hoteli moja huko Galu, kwa sababu mpishi wa mikate wa hoteli hiyo, mzee aliyeitwa Bwana Athmani, hakuipenda siagi ya kopo. Siagi yote hiyo Mama Ndunge aliisuka kwa kibuyu, akikitikisa mapajani saa nzima, mara nyingine zaidi, na sasa bega lilikuwa limekataa. "Nataka kitu chenye mkono wa kuzungusha," alisema. "Kama kile cha kusagia nyama, lakini kikubwa. Mnaweza?" Fundi Nyawa alisema hapana, yeye ni seremala, si mhandisi. Mimi nilikuwa tayari nimeshika penseli.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa kujionyesha. Nilichukua keke kuukuu ya kutobolea mbao, ile yenye gurudumu la meno, nikaigeuza ili izungushe makasia mawili ndani ya ndoo. Mkono ukizungusha mara moja, makasia yanazunguka mara nne. Niliona fahari isiyo na kifani. Tuliijaribu nyumbani kwa Mama Ndunge siku ya joto, saa sita za mchana, krimu ikiwa imejaa ndoo hadi karibu na mdomo. Ilivimba, ikatoa povu, ikamwagika kwenye miguu yetu, na baada ya nusu saa tulikuwa na uji mweupe wa vuguvugu uliokataa kushikana. Ndunge, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani kama wengi wetu, alicheka mpaka akaketi chini. Mamake hakucheka. Alichovya kidole, akaonja, akasema, "Imepata joto. Hiyo kasi yako inaipika."

Nilirudi kwa Fundi nimenuna. Akanishauri niachane na makasia nitengeneze sanduku la mbao, na akanipa vipande vya mwarobaini vilivyobaki kwenye kazi ya kabati, kwa sababu mwarobaini hauliwi na wadudu. Sote wawili tulisahau ladha ya mti wenyewe. Siagi iliyotoka humo ilikuwa nzuri kwa macho na chungu kama dawa ya malaria. Mama Ndunge aliipaka kwenye chapati, akatafuna polepole, akaiweka kando. "Hii tutampa mgonjwa," alisema.

Baada ya hapo alinitaka nikae kwake. "Unachora kitu usichokijua," aliniambia. "Njoo ulale hapa, uone maziwa yanavyoamka." Fundi aliniruhusu, nadhani alifurahi kupata utulivu, nikahamia huko kwa wiki kadhaa, nikishuka kwenda karakana siku za kazi nyingi tu, na kwenda kwetu Msambweni mwisho wa wiki. Nililala chumba kimoja na Ndunge, chumba cha mabati chenye kalenda tatu za miaka iliyopita ukutani na dirisha lililozibwa kwa gunia. Chakula kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, na siku nikiwa mpishi mimi ndipo walipokula wali wa nazi na mboga ya mtsunga, ambayo Mama Ndunge aliisifu kwa adabu na kuisukuma pembeni ya sahani kwa sababu ya uchungu. Kupitia ukuta wa mabati tulikuwa tukimsikia akizungumza na kaka yake Mutua, aliyekuwa akija kutoka Voi mara kwa mara. Mutua alikuwa akimwambia auze arudi bara. "Hawa watu hawatutaki, sista, wewe huoni?" Naye akijibu kwa sauti ileile kila mara, "Nimezika mume hapa, Mutua. Nirudi wapi?" Ndunge, kando yangu, alikuwa akijifanya hasikii, nami nikijifanya hivyo hivyo, maana "hawa watu" nilikuwa mimi, mtu wa pwani.

Hapo ndipo nilipojifunza siagi. Niliona kwamba Mama Ndunge hasuki mchana kamwe. Alikuwa akiamka alfajiri, kabla jua halijapasha bati, akikisuuza kibuyu kwa maji ya mtungi, akikijaza krimu nusu tu, na akikitikisa taratibu, si kwa kukirusharusha, bali kwa kukilaza na kukiinua, kukilaza na kukiinua. Nilifunga macho nikasikiliza. Ndani ya kibuyu krimu ilikuwa ikianguka. Kila mara ikianguka ilijipiga ukutani, na kipigo hicho ndicho kilichofanya kazi. Makasia yangu yalikuwa yakiikata krimu na kuipasha moto; kibuyu kilikuwa kikiiangusha tu. Nilichohitaji hakikuwa kitu cha kuzunguka ndani ya chombo. Chombo chenyewe ndicho kilichopaswa kupinduka, kichwa chini miguu juu.

Nilichora pipa dogo la pande nane, limeshikwa katikati na vyuma viwili juu ya kiunzi, na mkono wa kuzungusha ubavuni, bila gia hata moja. Mbao tulitumia mfenesi, ambao Fundi aliuchemsha kwa maji mara tatu hadi ulipoacha kutoa rangi ya manjano. Alitaka niongeze gurudumu la kuzidisha kasi, tukabishana siku mbili. Nilimwonyesha kwa maji: akizungusha haraka mno, maji yanang'ang'ania ukutani na hayaanguki, na kimya kinaingia ndani ya pipa. Akizungusha polepole, yanasikika yakidondoka. Alizungusha, akasikiliza, akazungusha tena, halafu akasema, "Haya. Umenishinda," akaenda kunywa chai.

Bado kifuniko kilitutesa. Krimu ikisukwa hutoa hewa, na mara ya kwanza kifuniko kiliruka na kugonga dari. Nikatoboa tundu dogo lenye kizibo, cha kufunguliwa kila baada ya mizunguko kadhaa ili pipa lipumue. Mpira wa tyubu niliouzibia mdomo wa pipa ulitia siagi harufu, nikautupa, nikazungushia mdomo kitambaa kilichochovywa kwenye nta. Mwisho nikapachika kioo cha tochi kwenye kifuniko. Krimu ikiwa bado krimu, kioo kinakuwa cheupe chote. Siagi ikijitenga, kioo kinasafika ghafla na unaziona punje za manjano zikielea kwenye mtindi. Alfajiri ya kwanza kioo kiliposafika, Mama Ndunge aliuacha mkono wa pipa, akakisogelea kioo na kukitazama kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala. Alikuwa amezungusha kwa mkono wa kushoto, na mara nyingine kwa vidole vitatu tu. Akaniambia, "Bega langu linakusalimu." Bwana Athmani alipopata habari alituma ujumbe kwamba tulilete pipa Jumatatu, alione likifanya kazi. Ndunge alinong'ona kwamba huenda akanipatia nafasi hotelini, kwenye karakana yao ya ukarabati, na tangu hapo sikuwa nikifikiria kitu kingine.

Jumamosi nilikwenda Msambweni. Ilikuwa alasiri, nami nilikuwa jikoni nimekalia mbuzi, nikikuna nazi. Kaka yangu alikuwa barazani na wenzake watatu, wakinywa kahawa. Kwa muda mrefu walizungumza mambo ya mpira. Kisha sauti zikapungua, na ni kule kupungua ndiko kulikonifanya nisikilize. Mmoja wao alisema kwamba wiki ijayo watu wa bara wataondoka, watake wasitake. Mwingine akauliza wapi. Yule wa kwanza akayataja mashamba ya makazi kwa jina, yale ya kina Mama Ndunge, akasema, "Pale ni kabla ya Ijumaa." Nilingoja kaka yangu apinge, lakini nilisikia kikombe tu kikiwekwa chini. Niliendelea kukuna nazi ile hadi nikafika kwenye kifuu, weusi ukaingia kwenye machicha, na mama akanigombeza kwa kuharibu tui.

Ningeweza kuondoka jioni ileile. Nimeipiga hesabu hiyo kwa miaka mingi: magari yalikuwapo, na njia niliijua. Nilijiambia kwamba maneno ya barazani ni maneno tu. Nilijiambia kwamba nikisema, itajulikana yametoka nyumba gani, na kaka yangu ataumia. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo ambalo sikuwahi kuliandika hadi leo: nilijua kwamba nikimwambia Mama Ndunge, hakutakuwa na Jumatatu. Nami niliitaka Jumatatu yangu.

Nikaipata. Tulilisukuma pipa kwa mkokoteni hadi mahali pa kupandia gari, tukalifikisha Galu kabla jua halijawa kali. Jiko la hoteli lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, limepambwa vigae vyeupe, na lilikuwa na baridi iliyoipendeza krimu. Bwana Athmani, na kofia yake ndefu, alizungusha mwenyewe. Kioo kiliposafika alimwita kila mpishi aje kutazama. Akaniuliza nani alinifundisha, nikasema huyu mama, na Mama Ndunge akacheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, cha msichana, akiwa ameshika mdomo kwa mkono wake mgonjwa. "Mimi nilimfundisha kibuyu," alisema. "Haya mengine ni wazimu wake." Bwana Athmani aliniambia nirudi mwisho wa mwezi, tuzungumze habari ya kazi. Nilikuwa nikijua. Nilisimama katikati ya jiko lile, watu wakinisifu, nikiwa najua.

Pipa tuliliacha karakana kwa Fundi, arekebishe chuma kimoja. Usiku wa Jumatatu sikulala. Jumanne asubuhi nilipanda hadi shambani kwake, nikamkuta akikamua. Sikumsalimia hata shikamoo. "Mama Ndunge, ondokeni leo," nilisema. "Nimesikia watu. Wanakuja kabla ya Ijumaa." Aliendelea kukamua mpaka chuchu zikakauka, akaiinua ndoo, akaiweka mbali na kwato. Hakuniuliza nimesikia kwa nani. Aliniuliza tu, "Una hakika?" Nikasema ninayo.

Jumatano alfajiri walikwenda Voi, yeye na Ndunge, na magunia mawili na begi la shule. Ng'ombe hawakuwa na njia; muda wa kuwaswaga kwa miguu haukuwapo tena. Aliwaacha kwa jirani, Mdigo aliyeapa kuwalinda, na nadhani alijaribu. Alhamisi nyumba ilichomwa pamoja na nyingine saba, na ng'ombe wote wanne wakachukuliwa. Nilipokwenda kutazama siku kadhaa baadaye, mabati ya chumba tulicholala yalikuwa yamejikunja kama karatasi. Niliokota kijiko, nikakirudisha chini palepale.

Wageni wa hoteli waliondoka kwa mabasi. Mwisho wa mwezi nilikwenda Galu, na mlinzi akaniambia jiko limefungwa, na Bwana Athmani amerudi kwao Mombasa. Zikaja mvua zile kubwa za mwisho wa mwaka, barabara zikakatika, na karakana haikuwa na kiti hata kimoja cha kupigwa msasa. Sikuweza kukaa na pipa lile. Kila nilipoinua macho lilikuwa pale pembeni. Mvua ilipopungua nilimwomba Fundi tulipeleke Kinango kwa dada yake, aliyekuwa akisuka maziwa ili apate samli. Wanawake wa pale walilizunguka, wakalizungusha, kisha dada yake akaniuliza kwa nini limesimama juu hivyo, mtu akasuka kama askari. Wao walikuwa wakifanya kazi ile wamekaa chini, miguu wameinyoosha. Nikaikata kwa msumeno miguu ya kiunzi, mara moja, kisha mara ya pili, hadi mkono wa pipa ukafika usawa wa kifua cha mwanamke aliyekaa. Walinitaka niwatengenezee jingine. Nimetengeneza mapipa ya namna ile tangu siku hiyo, sehemu nyingi kame za nchi, na hiyo ndiyo imekuwa kazi ya maisha yangu. Sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili.

Mama Ndunge alirudi mwaka uliofuata, kabla ya kupanda. Nilimkuta amejenga chumba kimoja cha makuti palipokuwa na nyumba. Ndunge alikuwa amekwenda kuteka maji. Nilimwambia pipa liko Kinango na kwamba naweza kumletea kesho.

"Mimi sina maziwa," alisema. "Waache walitumie."

Alinimiminia chai kavu, isiyo na maziwa. Tuliongea habari za Voi, za kaka yake Mutua, za mvua. Kisha nikasema, bila kupanga, "Mama Ndunge, mimi nilisikia Jumamosi."

Alinitazama. "Jumamosi ipi?"

"Jumamosi kabla ya kwenda hotelini. Nilikuambia Jumanne, lakini nilikuwa nimeshasikia Jumamosi."

Nilisikia kuku wakipekua nyuma ya nyumba. "Kwa hivyo pale jikoni," alisema, "nikicheka na yule mpishi."

"Nilikuwa najua."

"Kinango ni siku mbili kwa miguu," alisema. Hakuwa akinipigia kelele; alikuwa akihesabu. "Ningeondoka na ng'ombe Jumamosi usiku. Fundi wako ana dada huko. Jumatatu wangekuwa wanakunywa maji kwake." Aliichukua mikono yake akaiweka mapajani, pale alipozoea kuweka kibuyu. "Yule mwekundu alikuwa na mimba."

Sikuomba msamaha, kwa sababu niliona kwamba nikiomba atalazimika kunijibu. Tulimsikia Ndunge akija, akiimba, ndoo ikimwagika. Mama Ndunge aliinuka haraka, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bega lile bado linayo. "Huyu usimwambie," alisema. "Amepoteza watu wa kutosha mwaka huu. Wewe anakupenda." Ndunge aliingia, akatua ndoo, akanikumbatia akiwa amelowa.

Sikumwambia. Nilikuwa nikimtembelea mamake kila nilipopita Kwale, kwa zaidi ya miaka ishirini, naye alinipikia na kunipokea vizuri, na Jumamosi ile hatukuitaja tena. Baadaye alipata ng'ombe wawili. Hakuniomba pipa, akarudi kwenye kibuyu, na bega likamuuma hadi mwisho.

Sasa amekufa, na ahadi ile ya kutomwambia Ndunge nimeitazama kutoka kila upande nikiuliza ilikuwa ya kumlinda nani. Siku ya mazishi, baada ya chakula, Ndunge alinisindikiza hadi barabarani, akinishukuru tena. Niliporudi nyumbani niliandika habari hii kwa siku nne, na kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona, nilimtumia yeye. Alikaa wiki nzima bila kujibu. Kisha ukaja ujumbe mfupi kwenye simu: "Nimesoma. Nipe muda, dada." Nimempa. Simu naiweka mezani ninapofanya kazi, kioo chake kikiangalia juu.